Mkanda Haushiki Usukani

Katika mikusanyiko yetu huku ugenini, pilau likishaliwa na chai ikiwa jikoni, mazungumzo ya magari hayakosekani. Nani kanunua gari gani, bima imepanda kiasi gani, nani kapigwa picha na kamera ya barabarani. Na yakiendelea, mara nyingi huishia kwenye ubishi uleule: kinachomlinda mtu barabarani ni dereva au ni gari? Wapo wanaosema dereva akiwa makini inatosha, hayo mengine ni biashara ya watu kuuza viti vya watoto. Wapo pia walionunua gari lenye mifuko ya hewa kila upande na breki zinazojikamata zenyewe, nao wanaona wameshamaliza kazi.

Mimi ni muuguzi. Stashahada niliisomea Tanzania, nikafanya kazi miaka minne katika hospitali iliyo kando ya barabara kuu, mahali ambapo mabasi na malori hayalali. Baadaye nikaja Uingereza, nikasoma shahada, na sasa nipo idara ya dharura. Pande zote mbili za ubishi huo nimezipokea zikiwa zimelala juu ya machela. Habari za mgonjwa yeyote sitazisimulia, maana siri ya mgonjwa ni amana. Lakini naweza kueleza kile ambacho ajali huufanyia mwili, kisha niseme kwa nini naona ubishi wenyewe umekaa vibaya.

Gari likigonga kitu, migongano ni mitatu. Wa kwanza ni wa gari na ukuta, au gari na gari jingine. Wa pili ni wa mwili wako na gari: kifua na usukani, paji la uso na kioo, magoti na dashibodi. Wa tatu hauonekani kwa macho: ubongo unajigonga kwenye fuvu kwa ndani, ini na bandama vinavuta mishipa inayovishikilia. Gari lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla, asiyefunga mkanda anaendelea na safari kwa kilomita 50 kwa saa mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha. Ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mtu anayesimama kwenye ukingo wa ghorofa ya tatu akasema yeye ana mikono imara, atajizuia kwa chini.

Mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ulitengenezwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo ambaye kabla ya hapo alishughulikia viti vya kuruka nje ya ndege za kivita. Volvo iliwaachia watengenezaji wengine wautumie muundo huo. Kazi yake ni ya kawaida kabisa: unakupa muda mrefu kidogo wa kusimama, na unaigawa ile nguvu kwenye mifupa inayoweza kuibeba, yaani mtulinga, mbavu na nyonga. Ndiyo maana mgonjwa wa ajali akiletwa na alama nyekundu ya mkanda kifuani au tumboni, hatufurahi haraka. Alama hiyo inatuambia mkanda umefanya kazi, na pia inatuambia tuangalie vizuri kilicho chini yake.

Kwa mtoto mambo hubadilika. Nyonga zake ni ndogo, na mkanda wa watu wazima humpanda hadi tumboni, palipo laini. Gari likisimama ghafla, mkanda huohuo unaweza kumuumiza utumbo na uti wa mgongo. Kiti cha kumwinua kipo kwa ajili hiyo, mkanda upite nyongani na begani badala ya tumboni na shingoni. Hapa Uingereza sheria inadai kiti mpaka mtoto afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, kinachotangulia. Watu hucheka wakisikia mtoto wa miaka kumi bado anakalia kiti chake. Sheria inapima mifupa, haijali kama mtoto anaona haya mbele ya rafiki zake.

Na kumpakata? Fanya hesabu. Kwa mwendo uleule wa kilomita 50, gari likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anaivuta mikono ya aliyempakata kwa uzito wa zaidi ya kilo 100. Upendo wa bibi ni mkubwa, lakini mikono yake ni mikono.

Nayasema haya kwa sababu jambo hili liliwahi kutugawa nyumbani kwetu. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na kulikuwa na harusi ya jamaa zetu Leicester. Gari letu lilikuwa gereji, na kiti cha mwanangu wa miaka mitatu kilibaki humo. Kaka yangu akajitolea kutuchukua. Kaka huyu aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 14, na huku anaendesha gari la kusambaza mizigo. Nikamwambia, "Kaka, tuwasubiri gereji wafungue nikachukue kiti." Akacheka, akidhani natania. Alipoona sitanii, uso ukabadilika. "Mdogo wangu, miaka 14 sijagonga hata mbuzi. Leo unaniona sijui kuendesha?" Mama naye akanyoosha mikono. "Nipe nimpakate. Ninyi wote sita niliwapakata, nani alidondoka?"

Kumkatalia mama si jambo jepesi, na kaka mkubwa kwetu ni baba. Nikasema kwa upole kwamba sina shaka na uendeshaji wa kaka, ila mtoto hapandi bila kiti. Wakaenda, mimi na mwanangu tukabaki. Mama aliporudi usiku aliniwekea biriani la harusi mezani, akaenda kulala bila kusema neno. Kaka hakuandika kitu kwenye kundi letu la familia kwa wiki tatu.

Siku aliyokuja, alikuja na hoja. "Huku watu wamejifunga mikanda, mtoto yupo nyuma kwenye kiti cha pauni 300, na mzazi yupo mbele anaandika meseji," alisema. "Mimi nikiwa barabarani naangalia magari matatu mbele yangu, naangalia tairi za yule anayetaka kunikatia. Hicho kiti kinajua kuangalia?"

Nilimkubalia, maana ni kweli. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa karibu nusu. Nusu ni kubwa sana, lakini nusu nyingine inabaki, na hiyo haina kifaa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne, na hakuna mkanda unaoongezeka uimara ili ulingane na mguu wa dereva. Kitabu cha sheria za barabarani cha hapa kinafundisha kwamba gari lililo kwenye maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 kusimama. Kwenye maili 60 huhitaji mita 73. Katika mita hizo, kifaa kinachofanya kazi ni jicho la dereva, na jicho lililo kwenye simu halifanyi kazi yoyote.

Nami nikamuuliza, "Kaka, wewe najua unaweza kuendesha. Yule anayekuja mbele yako unamjua?" Akanyamaza kidogo, akanywa chai yake. Kisha akanieleza habari ya Kitonga. Wasiopajua, Kitonga ni mteremko mkali wa Iringa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, wenye kona nyingi na korongo pembeni. Alisema lori lenye mzigo halishuki Kitonga kwa breki. Ukikanyaga breki kutoka juu hadi chini zinapata moto na kuacha kushika, na hapo hata ukiwa bingwa umekwisha. Lazima uchague gia ndogo ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza, ili breki uzikute zina nguvu pale utakapozihitaji. "Lakini hakuna dereva anayeshuka Kitonga bila breki kwa sababu anajua gia," akamalizia mwenyewe. "Hata mkanda nilikuwa nafunga pale."

Nikacheka, naye akacheka. Alikuwa amejibu swali lake bila mimi kusema chochote.

Katika masomo ya shahada nilikutana na jina la daktari mmoja Mmarekani, William Haddon, aliyeongoza wakala wa kwanza wa taifa wa usalama barabarani nchini mwake mwaka 1966. Haddon aliitazama ajali kama daktari anavyoutazama ugonjwa, akaigawa katika nyakati tatu: kabla ya kugonga, wakati wa kugonga na baada ya kugonga. Kwa kila wakati akauliza mtu anafanya nini, gari linafanya nini na barabara inafanya nini. Ukiuweka ubishi wetu kwenye jedwali hilo, unaona kwamba watu wanabishania nyakati mbili tofauti. Dereva anatawala kabla: mwendo, usingizi, simu, kilevi, nafasi anayomwachia wa mbele. Mkanda na kiti vinatawala ule muda mfupi wa kugonga, ambapo dereva bora na dereva mbaya wote hawana tena la kufanya. Baada ya hapo ni zamu yetu sisi wa hospitali, na tunapokea kile tu ambacho nyakati mbili za kwanza zimetuachia.

Wapo wasomi waliosema kwamba ukimpa dereva kinga zaidi, atazidisha mwendo. Sam Peltzman wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika hivyo mwaka 1975, na wajomba wengi hurudia hoja hiyo bila kumjua. Tabia hiyo kwa baadhi ya watu ipo. Lakini tafiti nyingi zilizofuata hazikuona kwamba inaifuta faida ya mkanda. Uingereza ililazimisha mikanda ya viti vya mbele tarehe 31 Januari 1983, baada ya mabishano ya miaka bungeni kuhusu uhuru wa mtu. Watoto wa viti vya nyuma wakafuata 1989 na watu wazima 1991. Leo hakuna anayetaka kurudi kule.

Ndugu zetu wa Kenya wanazikumbuka Sheria za Michuki. Mwanzoni mwa 2004, waziri John Michuki alilazimisha matatu ziwe na mikanda kwa kila abiria na pia kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Hakuchagua upande, aligusa kiti cha abiria na mguu wa dereva kwa pamoja. Kilichokuja kuziumiza sheria hizo wengi walikiona kwa macho yao: mkanda unafungwa gari likikaribia polisi, na kufunguliwa likishapita. Kifaa kilikuwepo, dhamana ikaachiwa askari.

Kuna jambo moja la sheria ya Uingereza ambalo ningependa kila familia ilijue. Mtoto wa chini ya miaka 14 akiwa hajafungwa ipasavyo, anayewajibika ni dereva, hata kama mzazi wa mtoto amekaa pembeni yake. Faini inaweza kufika pauni 500. Kwa hiyo ukisema "mimi ni dereva mwenye kuwajibika", kazi hiyo inaanza gari likiwa limesimama, unapogeuka nyuma kuangalia nani amefungwa na nani hajafungwa.

Na tunaponunua vifaa, tusisahau kifaa kinachoharibika upesi kuliko vyote, yaani dereva mwenyewe. Wengi wetu huku tunafanya kazi za zamu. Mtu anatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anaunganisha na ya asubuhi kwa sababu kuna ada ya mdogo wake ya kulipa, kisha anakamata usukani. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama 0.10. Kikomo cha England ni 0.08. Kuna Waislamu na Walokole wengi kati yetu ambao hawajawahi kuonja pombe, na bado huendesha wakiwa katika hali hiyo mara mbili kwa wiki. Mimi nikitoka zamu ya usiku napanda basi. Wenzangu walionizoea huniuliza gari nililinunua la nini. Nawajibu ni la siku nilizolala.

Wasomaji wa Ghuba wana jaribu lao: dakika za mwisho kabla ya futari. Dubai na Abu Dhabi, polisi na wanaojitolea husimama kwenye taa za barabarani Ramadhani wakigawa tende na maji ili watu wasikimbilie nyumbani. Pakiti ile ndogo ya tende ni kifaa cha usalama kama mkanda, maana inaondoa sababu ya kukanyaga mafuta.

Sasa machache ya vitendo, ambayo wazazi huniuliza mara kwa mara.

Koti la baridi. Koti nene lenye hewa ndani huacha nafasi kati ya mkanda na mwili wa mtoto. Mvue koti, mfunge mkanda ukamate, kisha mfunike kwa koti hilohilo, blanketi au kanga.

Mtoto mchanga. Kichwa chake ni kizito na shingo ni dhaifu, hivyo anatakiwa atazame nyuma ya gari. Viti vipya vya daraja la R129 hapa Ulaya vinadai hivyo angalau mpaka apite miezi 15, na madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri aendelee kadiri kiti kinavyoruhusu. Kamwe usimweke hivyo kiti cha mbele penye mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Mfuko ule hufumka kwa kasi kubwa na utakigonga kiti chake kwa nyuma, kilipo kichwa.

Kiti cha mtumba. Usinunue kwa mtu usiyemjua. Kiti kilichopitia ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana. Cha dada yako ambaye unajua historia yake ni jambo jingine.

Mjamzito. Afunge mkanda. Wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo.

Teksi. England inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 3 kupanda nyuma ya teksi bila kiti wala mkanda endapo dereva hana kiti kinachofaa. Sheria inaruhusu, lakini mgongano haujui kwamba hii ni teksi. Kama safari imepangwa, beba kiti chako. Walio Falme za Kiarabu wakumbuke kwamba kiti kwa mtoto wa chini ya miaka 4 ni lazima kisheria tangu 2017.

Mwisho ni safari za nyumbani, maana hapo ndipo wengi wetu huacha kila kitu uwanja wa ndege. Ukweli ni kwamba barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 duniani kwa mwaka, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya 2021, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kati ya mabara yote, Afrika ina kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu. Sasa mtoto aliyefungwa kwa uangalifu miezi 11 anashuka Dar es Salaam au Mombasa na kuwekwa mapajani kwa safari ya saa saba.

Sisi tumejiwekea utaratibu. Kabla ya kusafiri tunaliuliza shirika la ndege kuhusu kubeba kiti cha mtoto. Tunamwomba mwenye gari la kukodi atutumie picha ya viti vya nyuma, kuona kama mikanda ipo na ni ya pointi tatu, kwa sababu mara nyingi imefukiwa chini ya kava za viti. Hatusafiri usiku. Na tunakubaliana na dereva malipo ya siku nzima, ili asiwe na haraka ya kuwahi abiria wengine.

Kisha yanakuja maneno, na maneno yana namna yake. Dereva wa kwetu ukimkaripia barabarani umemvunjia heshima, na anaweza kuongeza mwendo kukuonyesha. Kwa hiyo tunazungumza mapema, gari likiwa limezimwa na yeye bado anafuta vioo. Mume wangu husalimia, huuliza habari za nyumbani kwake na watoto wake wangapi. Kisha husema, "Kaka, hii familia tumekukabidhi wewe. Hatuna haraka, tukifika saa kumi sawa, tukifika saa kumi na mbili sawa. Ukichoka tuambie, tutasimama tule." Mpaka leo hakuna dereva aliyetukasirikia kwa maneno hayo. Mmoja alizima redio, akashuka, akainua kava la kiti cha nyuma na kuutafuta mkanda mwenyewe. Ulikuwa umejaa vumbi. Akaufuta kwa kitambaa chake cha vioo, akaujaribu mara mbili kama unakamata, ndipo akaniambia, "Dada, mlete mtoto."